Waya Uliopita Dirishani kwa Mama

Jambo lenyewe ni la aibu na mie sijalizoea mpaka leo, kwa hiyo mkicheka chekeni kwa adabu. Najua wengi wenu mmeshalisikia kwa watu wa Mbagala, na watu wa Mbagala wakikupa habari wanakupa na chumvi yao juu, basi nimeona bora nilisimulie mwenyewe, angalau chumvi iwe yangu.

Kazi yangu mnaijua. Nina kibanda Manzese, pembeni ya Barabara ya Morogoro, basi la mwendokasi likipita vioo vya kabati langu vinatetemeka, nauza chaja, earphone, flashi na nyaya za kila aina, na ukiniletea laptop imekwama naiwekea Windows upya ukisubiri. (Windows naweka vizuri. Mengine najaribu.) Kwa ajili hiyo nyumbani kwetu Mbagala mie ndiye mtaalamu, redio ikikoroma naitwa, simu ya shangazi ikijaa picha za maua za asubuhi njema naitwa, na siku ya kujibu posa ya mdogo wangu Rukia niliitwa vilevile, nami nikaenda nimenyoosha kanzu, laiti ningesema naumwa tumbo.

Rukia anashona nguo, ana cherehani yake pale nyumbani na wateja wa kutosha. Alishaolewa mara moja, akakaa kwa mumewe, nyumba moja na mama mkwe, mwaka na kitu, kisha siku moja akarudi na begi na cherehani yake, talaka ikafuata. Hakusema kilichomrudisha na sie hatukuuliza. Mama alisema mambo ya ndoa ya mtu hayachimbwi, nasi tukaona maneno ya mama yana busara, tena yana nafuu, maana nani anapenda kuchimba. Ukapita muda akatokea Idrisa, fundi friji wa Ubungo, kijana mtaratibu, na Rukia akaanza tena kuimba akishona. Posa ikaletwa kwa adabu zote, ikapangwa siku ya wazee wa upande wa bwana kuja kupokea jibu, na nyumba nzima tulijua kwamba safari hii ikivunjika, Rukia hatakubali ya tatu.

Sasa kwa sheria ya dini, baba yetu akiwa marehemu, wali wa Rukia, yaani msimamizi wa kumwozesha, ni mie kaka yake. Lakini kwetu, Baba Mkubwa akiwa hai hakuna anayefungua mdomo kabla yake, na Baba Mkubwa yuko Muscat miaka mingi. Ni mzee mwema, ila masikio yake yamechoka kidogo, na ana mazoea ya simu za zamani, kila unachomwambia anakirudia kwa sauti ili ajue amesikia sawa. Ukimwambia mvua imenyesha, atasema, mvua imenyesha? Unamjibu ndiyo Baba, mnasonga mbele. Sie tumezoea, wala hatusikii tena kwamba anarudia.

Ikaamuliwa kwamba Baba Mkubwa atatoa jibu mwenyewe kwa video, na kwa kuwa heshima yake haitoshi kwenye kisimu, TV itolewe sebuleni, iwekwe nje mbele ya nyumba chini ya turubai wanapokaa wanaume, aonekane mkubwa kama alivyo. Wanawake wangekaa chumbani kwa mama, nyuma kabisa ya nyumba. Kazi ya kumleta Baba Mkubwa kutoka Muscat mpaka kwenye TV nikapewa mie.

Na hapa ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Laptop yangu ilikuwa na bawaba moja iliyovunjika, kifuniko kimeshikwa na selotepu ya kahawia, ile ya kufungia maboksi, na herufi A haikuwa na kibonyezo, ulikuwa unabonyeza kile kidude cha mpira kilichobaki. Kwangu mie ni chombo cha kazi. Lakini nikawaza, wakwe watarajiwa wamekaa, wamejifukiza udi, halafu fundi kompyuta wa ukoo anawatolea mezani kitu kilichofungwa kama mzigo wa kwenda Kigoma. Nafsi ikakataa. Nikaona laptop ikae chumbani kwa mama, na kutoka pale nipitishe waya mrefu wa HDMI dirishani, uzunguke ubavu wa nyumba mpaka mbele kwenye TV. Waya ninao, tena mrefu kuliko wote dukani, umekaa mwaka mzima unakula vumbi kwa sababu hakuna mnunuzi. (Wateja wana akili kuliko wanavyoonekana.)

Jana yake nilikuwa nimejaribu kwa waya mfupi, ikakubali palepale. Ule mrefu sikuujaribu, niliona waya ni waya.

Wazee wakafika mchana, na walikuwa wengi kuliko walivyosema, mbele yao mshenga, Mzee Kibwana, mtu wa maneno mazuri na marefu, na baba yake Idrisa, Mzee Athumani, ambaye yeye hasemi, anatazama tu. Mzee Kibwana akauona ule waya unatokea ubavuni, akaniuliza kama kweli kamba hiyo inaweza kumleta mtu kutoka Oman. Basi nikapata pa kusemea. Nikawaeleza, mkono nyuma, kwamba kompyuta za siku hizi huziambii kitu, ndani ya waya huu kuna vijiwaya vingi vyembamba, kimoja kazi yake ni kuijulisha kompyuta kwamba upande wa pili kuna mtu, na vingine TV inavitumia kujitambulisha, mie ni TV, ukubwa wangu ni huu, naweza picha na naweza sauti, na kompyuta ikishasikia hivyo inakabidhi vyote viwili yenyewe bila kuombwa. Wazee wakatikisa vichwa. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nikaingia ndani, nikachomeka. Kimya. TV nje imejaa rangi ya bluu na maandishi ya kusema hakuna kinachoingia. Nikachomoa, nikapuliza, nikachomeka tena, nikaamuru laptop itafute skrini ya pili, ikanijibu skrini ya pili haipo. Leo naelewa: waya mrefu wa bei poa, TV inajitambulisha kule mbele, sauti yake inafia njiani, kompyuta huku haijasikia mtu, na ambaye hajasikiwa anahesabiwa hayupo. Wakati ule sikuelewa, nikatoka nje na kuwaambia wakwe kwamba TV hii imechoka. Ilikuwa TV ya mama. Mama akaagiza chakula kitoke, wazee wakaanza kula, nami nikarudi chumbani nikiwa nimepata muda.

Chumbani tulikuwa mama, shangazi Mwanahawa, Rukia na mie, na Baba Mkubwa kwenye laptop, ameegemeza tableti yake kwenye chupa ya kahawa, anatusalimia mmoja mmoja. Nyuma ya ukuta wa chumba hicho jirani ana mashine ya kusaga, haipumziki mpaka jua lizame, kwa hiyo tulikuwa tunasemezana kwa kupaza sauti, na cha nje hatukisikii hata kidogo. Kamera ya laptop, kwa sababu ya ile bawaba, ilikuwa inatazama dari.

Mara skrini ikazima, ikawaka, na maandishi yote yakawa yamenenepa. Baba Mkubwa yuko palepale, midomo inacheza, sauti hakuna.

Nyie nitawaambia hapahapa kilichotokea, ingawa mie nilikuja kukijua kwa kuchelewa. Mzee Kibwana, kule nje, ule mwanga wa bluu ulikuwa unamuumiza macho anakula. Akainuka kwa heshima, akaizima TV kwenye soketi ya ukutani. Akakaa. Kisha akaona haya kuzima kitu cha watu bila ruhusa, akainuka tena akaiwasha. Na TV ilipoamka ikajitambulisha upya, na safari hii, sijui kwa kudra gani, waya ukafikisha salamu. Kompyuta ikasikia kwamba kuna mgeni mwenye skrini kubwa na spika, ikafanya kama nilivyowahutubia wazee: ikajipima kwa ukubwa wake, ndiyo maana maandishi yakanenepa, ikamkabidhi picha, ikamkabidhi na sauti. Laptop ikawa kimya kwa sababu Baba Mkubwa alikuwa anaongea nje.

Mie nikasema ni mtandao. Nikabonyeza kitufe cha kuongeza sauti, nikaona haisaidii, nikaongeza mpaka mwisho kabisa, ikabaki kimya. (Muuza chipsi wa ng'ambo ya barabara alinithibitishia baadaye kwamba ilisaidia.) Nikampigia Baba Mkubwa simu ya kawaida, nikaweka spika ili wote tusikie, nikamwambia mtandao umegoma, tuongee huku kwanza. Akakubali, akaishika simu sikioni, na tableti akaiacha wazi mbele yake, inamsikiliza na kumtazama kama ilivyokuwa.

Kule nje, walivyonisimulia, sura ya Baba Mkubwa ilitokea kubwa kweli, akasema assalaam alaykum, na wazee wote wakaacha matonge, wakaitikia kwa pamoja, wengine wakanyanyuka kidogo kwenye viti. Walidhani anaongea nao. Mzee Kibwana akajifuta mkono, akaanza hotuba.

Ndani, Baba Mkubwa akaniuliza mambo yanakwendaje. Na mie, kaka wa bibi harusi mtarajiwa, wali kwa sheria ya dini, nikaona ndio wasaa wa kumpa mzee picha kamili. Nikamwambia walisema watakuja wachache, wamekuja gari zima. Akasema, wamekuja gari zima? Nikasema ndiyo Baba, na nyama ya mama imeisha kabla ya wali. Akasema, nyama imeisha kabla ya wali? Nikasema wameishambulia, Baba. Akasema, wameishambulia? Nikamwambia na huyu mshenga wao tangu afike hajameza mate. Akasema, mshenga hajameza mate? Shangazi akadakia, akamwambia kwamba baba yake Idrisa hasemi, anaitazama nyumba kama dalali, na Baba Mkubwa akalirudia na hilo, la dalali, taratibu na kwa ukamilifu, kama anavyorudia kila kitu.

Tulicheka. Nakumbuka tulicheka mpaka mama akatukanya kwa jicho, akisema wageni ni wageni.

Hapo Rukia, ambaye muda wote alikuwa amekaa kitandani na mtandio wake, hacheki, akanyoosha mkono akaomba simu. Akasema anataka kuongea na Baba Mkubwa peke yake kabla jibu halijatoka. Rukia akatoa spika, akaweka simu sikioni, akaenda stoo kule uani na kufunga mlango. Sie tukabaki tunatazama laptop, Baba Mkubwa anasikiliza, kichwa ameinamisha, midomo yake inacheza kidogo kidogo bila sauti. Mama akasema, bora iwe hivyo, ni siri yake. Nami nikaona wageni wameachwa muda mrefu, nikatengeneza uso wa mtu mwenye matatizo ya kitaalamu, nikatoka mbele.

Nilifika chini ya turubai nikiwa nimeshaanza kusema. Nikasema, "Wazee wangu mtuwie radhi, mtandao wa Oman leo umekuwa mzito, lakini," na hapo nikaona hakuna anayenitazama. Wote walikuwa wameelekea mahali pamoja. Hakuna aliyekuwa anakula, na pembeni ya sinia, vipande vya nyama vilivyokuwa vimebaki mikononi mwao vilikuwa vimerudishwa, vimepangwa vizuri upande mmoja. Mzee Kibwana, bila neno, akasogeza kiti chake kidogo ili nami nione.

Kwenye TV Baba Mkubwa alikuwa ameshika simu sikioni, macho yamemjaa maji, na sauti yake ilikuwa inasikika mpaka barabarani.

"Alikuwa anakufungia chakula kabatini?"

Akasikiliza.

"Ufunguo anatembea nao kiunoni? Unapika wewe, halafu anafunga?"

Akasikiliza tena. Mie nilisimama. Nataka kuwaambia nilifanya kitu cha maana lakini nilisimama tu, na kanzu yangu iliyonyooka, nikasikiliza habari za mdogo wangu, tuliyelala naye nyumba moja tangu arudi, pamoja na wanaume ambao wengine hata majina nilikuwa siyajui.

"Mimba ilitoka kwa njaa?"

Hapo Mzee Athumani aliinamisha kichwa. Mtu mmoja nyuma akasema laa ilaha illa Llah, polepole. Nilikuwa sijui kwamba kulikuwa na mimba.

"Unamtaka Idrisa," Baba Mkubwa akaendelea. "Unamtaka, ila unaogopa kuishi tena nyumba ya mama mkwe. Nimekusikia, mwanangu. Lia, nipo."

Ndipo akili ikanirudia, nikaruka, nikauchomoa ule waya kwenye TV kwa nguvu mpaka meza ikayumba. Ikarudi bluu. Wazee wakabaki wanaitazama bluu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari kutazamwa.

Mngefikiri imeishia hapo. Lakini kompyuta, nawaambia, ni mtiifu kupita kiasi. Ikaona waya umetoka, mgeni ameondoka, ikaichukua ile sauti na kuirudisha palepale ilipotoka, kwenye spika za laptop, chumbani kwa mama. Na mie nilikuwa nimeshabonyeza sauti mpaka mwisho. Nilipofika kwenye korido nakimbia nilimsikia Baba Mkubwa amejaa nyumba nzima, hata mashine ya kusaga haikumshinda.

"Mama yako hajui? Kwa nini hukumwambia mama yako?"

Nilifika mlangoni. Mama alikuwa amekaa kitandani alipokuwa amekaa Rukia, shangazi amemshika mkono.

"Hakuna aliyekuuliza?"

Nikakifunga kifuniko cha laptop, selotepu ikabanduka, nikamwambia mama kwamba nje nao wamesikia. Mama hakunilaumu. Alinyanyuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda uani mpaka mlango wa stoo, akagonga, akaingia, na mlango ukafungwa nyuma yake. Hayo waliyosemezana mle ndani siyajui, na safari hii hakuna aliyeyasikia.

Nje ilibidi mtu atoke, na mtu mwenyewe ni mie. Nikaenda na laptop mkononi, kifuniko kinaning'inia, nikaiweka mezani mbele ya wakwe na selotepu yake na herufi A isiyo na kibonyezo, na hakuna hata mmoja aliyeitazama. Nikawaomba radhi. Nikaomba radhi kwa nyama, kwa mshenga kutomeza mate, kwa neno dalali, moja moja, maana niliona nikiyafunga kwa pamoja nitakuwa nadanganya. Mzee Kibwana akasema yeye kusema sana ni kweli, hata mkewe humwambia. Akataka kuendelea, akajikumbuka, akanyamaza.

Mzee Athumani ndiye aliyesema, kwa mara ya kwanza tangu afike. Aliuliza kama yule mzee wa Oman bado yupo. Nikafungua, nikamshikilia Baba Mkubwa kwa mkono kwa kuwa kifuniko hakisimami, nikamweleza mzee yaliyotokea, akayarudia yote, na alipomaliza kuyarudia akashika paji la uso. Mzee Athumani akamsalimu, akasema, "Sheikh, tulikuja kusikia jibu, tukasikia na sharti. Sharti tumelikubali kabla halijatajwa. Kijana atapanga chumba, mie mwenyewe nitahakikisha. Na asipotaka kuja kabisa, tutaondoka bila kinyongo, na yaliyosemwa hapa tutayaacha hapa."

Baba Mkubwa hakurudia hilo. Aliniita jina langu kamili, Shabani, ambalo huwa haliiti, akasema, "Mie niko mbali na masikio yangu mabovu. Wali ni wewe. Nenda kamuulize."

Kwa hiyo nikaenda. Mama alipoteremka kwenye ngazi ya stoo nikaingia mie, Rukia amekaa juu ya gunia la mchele, macho mekundu, simu bado iko mapajani. Alikuwa ameshaambiwa na mama kwamba nje walisikia. Nikakaa chini sakafuni. Nikamuuliza kama anamtaka Idrisa, na kama anamtaka, anataka waishi vipi.

Akasema, "Kaka, unaniuliza kwa sababu wamesikia, au kwa sababu unataka kujua?"

Nilitaka kusema nataka kujua. Nikasema, "Nimekuja kwa sababu wamesikia. Lakini sasa nataka kujua."

Akasema angalau hilo si uongo. Akajifuta uso na mtandio, akaniambia wazee wale wasipewe jibu leo, waondoke, anataka kukaa na jambo lake mwenyewe bila turubai nje, na kama Idrisa anamtaka kweli atangoja. Nikarudi nje nikayasema hayo kama alivyoyasema. Wakayapokea, wakaaga, Mzee Athumani akala kipande kimoja cha nyama akiwa amesimama, nadhani kwa ajili ya heshima ya mama, wakapanda gari lao.

Alingojeshwa, na alingoja. Walifunga ndoa kimyakimya baada ya mwezi wa Ramadhani, wamepanga vyumba viwili Ubungo, cherehani iko karibu na dirisha. Watu wa Mbagala husema ule waya ulileta heri, na mtu akiniambia hivyo nilikuwa nakaribia kujisifu, mpaka siku nilipojisifu mbele ya Rukia naye akaniambia kwamba yeye alisema siri yake kwa mtu mmoja, sio kwa turubai zima, na aibu ile ilikuwa ya kwake, nisiitafutie faida. Hajanisamehe yote, na sidhani kama anadaiwa kunisamehe.

Nimeapa sitaunganisha tena kitu chochote kwenye shughuli ya ukoo, na ukoo nao umeapa hivyohivyo kwa niaba yangu, siku ya ndoa nilipewa vitunguu nikate na watu wawili wa kuhakikisha nimebaki kwenye vitunguu. Ule waya mrefu niliukata vipande vipande, asije akauziwa mwingine. Na Rukia akija nyumbani, kabla ya chai, kabla ya kuniuliza biashara, namuuliza habari zake, kisha nanyamaza mpaka ajibu.